Kamera ya Baadaye

Neno ninalolichukia kuliko yote katika kazi yangu ni "baadaye". Nalichukia kuliko "nipunguzie", kuliko "nitapitia kesho", kuliko hata "unifanye mweupe kidogo". Mteja akiniambia hayo matatu namtazama, nacheka, tunaendelea. Lakini akiniambia "wewe piga tu, utarekebisha baadaye," damu inanipanda. Naomba anayesoma haya anivumilie nieleze sababu, maana nimechoka kuambiwa na ndugu zangu kwamba nina hasira za bure.

Mimi ni mwanamke mpiga picha wa Korogwe. Nina chumba kimoja karibu na stendi, pazia la bluu kwa picha za pasipoti, na pazia lingine lenye maporomoko ya maji kwa wale wanaotaka ionekane wako mahali pengine. Nilianza na kamera ya filamu. Wakati ule ukikosea fokasi, yaani ukailenga lenzi vibaya, uso ulitoka na ukungu na hukuwa na pa kukimbilia. Filamu ilikwenda Tanga kusafishwa, ikarudi, na bibi harusi akajiona kama mtu aliyesimama nyuma ya mvuke wa sufuria. Kwa hiyo ulijifunza kushika pumzi. Ulijifunza kuamua: uso huu, sasa hivi, si mwingine. Kazi yote ilikuwa hapo.

Kisha nikaipata kamera isiyotaka mtu aamue.

Niliikuta Tanga, kwa mfanyabiashara wa vifaa vya mitumba, imetupwa katikati ya chaja na redio mbovu. Haikufanana na kamera hata kidogo. Ilikuwa bomba la mraba, refu kama pakiti ya biskuti, lenzi upande mmoja na kiskrini kidogo upande wa pili. Muuzaji mwenyewe alidhani ni tochi iliyoharibika. Mimi nilikuwa nimesoma habari zake mtandaoni, nikaijua mara moja, nikanyamaza kimya nisimwamshe. Kamera ya kawaida hupokea mwanga tu, haijali umetokea wapi. Ile hukumbuka mwanga umeingia kwa upande gani. Ndiyo maana picha ikishaingia kwenye kompyuta unabonyeza uso wa mtu wa mbele, anakuwa wazi. Unabonyeza wa nyuma, anakuwa wazi yeye, na wa mbele anazama ukunguni. Unaweka fokasi wakati harusi imeshakwisha na viti vimesharudishwa kwa wenyewe.

Kwa majuma kadhaa nilicheza nayo bila aibu. Nilipanga vitu juu ya kaunta: kikombe cha chai mbele, kikokotoo katikati, na ng'ambo ya barabara vijana wa bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao wakingoja mabasi. Napiga mara moja, nachomeka kwenye kompyuta, feni ya kompyuta inalia kama gari linalopanda Lushoto, kisha picha inafunguka na naanza kubonyeza. Kikombe. Kikokotoo. Bodaboda. Kikombe tena. Nikagundua haraka kwamba maajabu yale yana masharti. Kama hakuna kitu kilicho karibu kabisa na kamera, vyote vinatoka sawasawa na kubonyeza hakusaidii lolote. Ndani ya nyumba yenye giza picha inajaa chenga. Ukitaka kuichapisha kubwa, inachakaa. Ukubwa wa karatasi ya kawaida ya ofisini ndio mwisho wake. Na picha yenyewe inayobonyezeka huwezi kumtumia mtu kwenye simu, kwa sababu inafunguka kwenye programu yake tu, na waliotengeneza kamera ile walishaachana nayo zamani. Mteja anachopata ni karatasi, na karatasi ukiibonyeza unaichafua tu. Mwisho wa yote ni lazima mtu aamue nani awe wazi. Mtu huyo bado ni mimi, ila sasa naamua nikiwa nimekaa kwenye kiti, na ukoo mzima umenizunguka ukinielekeza kwa vidole.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaona watu vizuri. Kijana mmoja wa bodaboda alitaka yeye awe wazi na pikipiki ifichike, akafikiri, akasema hapana, pikipiki iwe wazi na yeye afichike. Familia moja ya kipaimara ilitaka nakala kwa kila shangazi, na katika kila nakala awe wazi shangazi huyo peke yake. Mbaya zaidi, watu waliacha kukaa sawa. Zamani ukisema "tayari?" mtu alijipanga, akanyoosha kola, akafunga mdomo. Sasa ananitazama kwa dharau ya kirafiki. "Si utarekebisha baadaye?" Kwani fokasi inanyoosha kola? Inafunga mdomo? Nilieleza mpaka nikakauka koo: kinachorekebishika ni nani aonekane vizuri. Kilichotokea kimetokea. Waliitikia vichwa na wakaendelea kutafuna.

Kaka yangu alikuwa mmoja wa walioitikia kichwa.

Sisi kwetu ni Handeni, Wazigua, tumezaliwa wanne. Wa kwanza ni kaka, ambaye kwa sasa anaishi Korogwe kama mimi. Anafuata dada, aliyebaki kwenye shamba la wazazi hukohuko Handeni na mahindi na michungwa yake. Kisha mimi. Wa mwisho ni mdogo wetu wa kike, mzuri kuliko sisi sote na anajua hivyo. Huyu mdogo wetu alizaa binti akiwa bado nyumbani. Mtoto hajaanza kutembea sawasawa, akatokea mume wa Kwamndolwa, na mume akasema anamtaka mama bila mtoto. Mdogo wetu hakubishana sana. Alimwacha binti kwa dada "kwa muda", akaenda zake, na muda huo haukwisha mpaka binti naye akaposwa.

Dada hakujaliwa kuzaa. Nalitaja kwa sababu linahusika. Wa kumsimanga wameshamsimanga vya kutosha. Alimlea mtoto yule kama mtu aliyekabidhiwa. Binti alipokuwa darasa la pili alianguka kutoka kwenye mchungwa akavunjika mguu, na shule iko mbali na nyumbani. Watu walimshauri dada amwache mtoto apumzike, mwaka ujao ataanza upya. Dada akamfunga mgongoni kwa kitenge, akampeleka. Asubuhi anamfikisha darasani, anarudi kulima, mchana anakwenda kumchukua. Mtoto alikuwa ameshakuwa mkubwa, miguu inaning'inia, mmoja na hogo la plasta, na watu njiani wakicheka wakimwuliza dada kama anapeleka gunia sokoni. Nilimkuta siku moja njiani akiwa ameinama, anahema, mtoto anamsomea kitabu juu ya bega. Sikupiga picha. Nilimpokea begi la shule, basi.

Sasa, kwetu kuna mkaja na kuna ubeleko. Anayeoa huvipeleka vyote viwili kwa mama wa binti, mbali na mahari. Mkaja ni kitambaa cha kumfunga mzazi tumbo akishajifungua. Ni shukrani kwa aliyezaa. Ubeleko ni kitambaa cha kubebea mtoto. Ni shukrani kwa mgongo. Siku hizi wengi wanavigeuza kuwa bahasha, lakini kaka alishikilia kwamba vije vitambaa vyenyewe, na kwa hilo nilimsifu. Kwa kawaida hakuna ugomvi, kwa sababu aliyezaa ndiye aliyebeba, na vitambaa vinakuja vimekunjwa pamoja juu ya sinia moja. Sisi ndio tuliokuwa na mama wawili.

Kwa binti, kaka yetu ni mjomba, na kwa Wazigua neno la mjomba si la kupuuzwa. Kabla ya harusi alituita sote Handeni akasema: mkaja kwa mdogo, aliyezaa, ubeleko kwa mkubwa, aliyebeba. Hakuna aliyepinga, hata mdogo wetu. Dada alikuwa anamenya mihogo. Aliacha kumenya, akafuta mikono, akasema, "Ahsante, kaka." Miaka yote ile watu walikuwa wakimwita "mama mlezi", "mama mkubwa wa mtoto", "yule anayekaa naye". Mwanamke akipokea ubeleko mbele ya wakwe na majirani, hakuna atakayemwuliza tena yeye ni nani kwa mtoto yule. Dada alikuwa anajua hivyo, nasi tulikuwa tunajua. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu baadaye walijitia hawakujua.

Harusi ilifanyika kwa dada, maana binti hakuwa na nyumba nyingine ya kutokea. Ndoa ilifungwa, sheikh akala, akaondoka, kisha wanawake wa upande wa mume wakaingia uani na sinia. Ni Wasambaa wa Mazinde, watu wa heshima. Wakasalimu "onga mshi", tukaitikia, vigelegele vikapaa. Binti alikuwa ameketi mkekani na kungwi wake ubavuni, mtandio umemfunika mpaka kwenye paji la uso. Mwali siku hiyo hasemi na hainui macho. Hata inzi akimtua puani, anangoja kungwi amfukuze.

Shangazi wa bwana harusi, mama mmoja mwenye sauti yake, akauliza, "Haya, mama wa binti yuko wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Kaka ndiye aliyepaswa kumweleza mapema kwamba mama wako wawili, na hakumweleza; alisema baadaye kwamba alijua watu wataelewana wenyewe. Mdogo wetu akapiga hatua mbele, gauni linameremeta. Dada naye akapiga hatua, akawa nyuma yake kidogo, kwenye bega, mikono ameshaitoa, viganja juu. Shangazi akavitwaa vitambaa vyote viwili, mkaja ndani ya ubeleko, akamtandika mdogo wetu begani. Vigelegele tena. Mdogo wetu alijua. Alichotakiwa kufanya ni kuvuta kitambaa kimoja na kugeuka. Na kweli aligeuka, ila alinigeukia mimi mwenye kamera, akatabasamu.

Nilikuwa nimesogea karibu nao sana, kwa sababu kamera ile inataka ukaribu. Nilikuwa nimeshabonyeza. Nikazunguka mkeka, nikamfuata kaka aliyekuwa amesimama kwenye nguzo ya turubai, nyuma ya mwali.

"Kaka, ubeleko umekwenda siko. Sema neno."

"Mbele ya wageni?" akasema bila kugeuza kichwa. "Tumwaibishe shangazi wa watu?"

"Dada amesimama na mikono mitupu, kaka. Mtazame."

"Si umepiga na ile kamera yako?"

"Nimepiga."

"Basi. Tutarekebisha baadaye."

Nilidhani anatania. Kaka yangu ana utani mwingi, nikangoja acheke. Hakucheka. Mtu mzima, anayeswali safu ya mbele, mjomba aliyetoa hukumu kwa mdomo wake mwenyewe, aliamini kweli kwamba jambo lililokuwa linatendeka mbele ya macho yake lilikuwa bado halijatendeka, kwa kuwa mimi nimelipiga kwa bomba la mraba! Mpaka leo nikikumbuka nashikwa na joto la masikio. Nimewahi kukutana na watu waoga na nimewahi kukutana na watu wavivu, lakini uoga na uvivu uliojificha nyuma ya mashine yangu, niliyoitafuta mimi, niliyojifunza mimi, ulikuwa mgeni kwangu. Niligeuka ili nimwambie shangazi mwenyewe. Nikakuta wanawake wa Mazinde wameshaanza kucheza, wamemweka mdogo wetu katikati, na vitambaa vinapepea begani kwake.

Dada alishusha mikono. Akaingia jikoni kupakua pilau, na wageni walisifu pilau.

Baada ya harusi binti alikwenda Mazinde kwa mumewe, na mdogo wetu akarudi Kwamndolwa na mkaja na ubeleko. Nilimfuata nyumbani kwake. Alinionyesha vilipo, kwenye kabati la vyombo vya wageni, vimekunjwa vizuri na karafuu juu yake.

"Dada, kwani kitambaa ni kitu gani?" akaniambia. "Nitampelekea siku nikienda."

"Lini?"

"Baadaye, baadaye. Usinipande kichwani na mimi nina mambo yangu."

Nilitoka pale nikiongea peke yangu barabarani kama kichaa. Zilipita wiki, ukapita mwezi, na mwingine. Dada hakulalamika kwa mtu yeyote. Aliacha tu kuja Korogwe. Ukimpigia simu anajibu salamu, anauliza hali ya watoto, anasema mbuzi wameingia shambani, anakata. Kwetu mtu wa namna hiyo ukimsikia amekaa kimya ujue ameumia, na kaka alilijua hilo, kwa sababu asubuhi moja alikuja studio kwangu, akavuta kiti, akakaa kama mtu aliyekuja kunyolewa.

"Nimelala na wazo," akasema baada ya shikamoo na marahaba. "Fungua ile picha ya sinia. Mbonyeze mkubwa."

Nilifungua. Nikambonyeza dada. Akatokea wazi: kanga yake ya siku ile, jasho kwenye mdomo wa juu, macho yanayofuata kitu kinachompita. Mdogo wetu akazama ukunguni, na vitambaa begani kwake vikawa doa la rangi.

Kaka akapiga makofi. "Hapo! Umeona? Sasa mama ni yeye. Chapisha hiyo, itie fremu nzuri, twende tukamkabidhi rasmi. Tumemrekebishia."

"Kaka, mama ni yeye tangu zamani. Hapa anaonekana hana ubeleko."

"Lakini anaonekana."

"Anaonekana hana ubeleko!"

"Sasa wewe unataka nini?"

Nilimwambia naweza kuwatoa wote wawili wazi, kamera inaruhusu, ukweli wote uwe karatasini. Akakataa. Alisema hapo itakuwa vilevile kama siku ya harusi, mdogo mbele na vitambaa vyake, na dada ataona tumemfanyia kejeli. Na hilo lilikuwa kweli. Kisha akainama kwenye skrini, akaweka kidole chini ya kifua cha dada.

"Hii mikono. Huwezi kuikata? Anza hapa kifuani kwenda juu."

Nilisimama. Nilimwambia kaka yangu, ambaye tangu nipate akili sijawahi kumpita bila kumwamkia, kwamba siku nitakayoikata mikono ile nitafunga studio nikauze nyanya sokoni Manundu. Nilimwambia mikono ile ilimbeba mtoto wa watu na plasta yake mpaka mguu ukaunga. Nilimwambia aende Kwamndolwa akatumie sauti yake ya mjomba kwenye kabati la vyombo, asije kuitumia kwenye kompyuta yangu. Wateja wawili wa pasipoti waliokuwa wanangoja wakasimama wakatoka nje.

"Hasira zako," akasema kaka kwa upole, "ndizo zinazokufanya usione jambo likiwa jepesi."

Nikachapisha. Kwetu kaka akiagiza, mtu anatii kisha analalamika barabarani, nami nililalamika kutoka Korogwe mpaka Handeni. Lakini mikono niliiacha, yote, mpaka kwenye vidole. Na kompyuta nikaitia begani, kwa sababu nilitaka dada aone mwenyewe tumecheza mchezo gani na uso wake.

Tulikutana sebuleni kwake mchana, sisi wanne tu. Mdogo wetu alikuja kwa kuitwa na kaka, amevaa vizuri, anatazama saa. Kaka alitoa hotuba. Alisema ukoo ni kusameheana, alisema siku ile kulikuwa na msongamano, alisema mambo ya kitaalamu yamewezesha haki kupatikana. Nilijiuma ulimi. Kisha akainuka, akampa dada fremu kwa mikono miwili, kama anavyokabidhiwa mtu cheti.

Dada alipangusa kioo kwa upindo wa kanga. "Ni mimi," akasema.

"Ni wewe, wazi kabisa. Na mdogo wako, unamwona, tumemweka nyuma."

"Hakuwa nyuma," akasema dada.

Aliigeuza fremu, akaitazama mgongo, akaiegemeza kwenye mguu wa meza. Halafu akaniuliza mimi, "Hii ndiyo ile unayosema inabonyezwa?"

Nikafungua kompyuta, nikaiweka mapajani kwake, nikamwonyesha pa kubonyeza. Alianza na mdogo wetu. Akatokea na tabasamu lake na vitambaa begani, uzi kwa uzi, unayaona hata maua ya kitenge. Dada aliyaangalia. "Maua mazuri," akasema. Mdogo wetu akatazama kucha zake. Dada akambonyeza kaka, mbali kule kwenye nguzo ya turubai. Kaka akatokea akiwa anatazama kamera. Wala hakuwa anatazama sinia, wala dada yake. Alikuwa anaitazama kamera, uso umetulia, kama abiria anayemwamini dereva. Nikasikia kaka anakohoa.

Kisha dada akambonyeza binti.

Feni ililia, picha ikachelewa, ikaja. Naapa kwamba katika kubonyeza kote kule, mimi na kaka tukishindana nani kati ya mama wawili awe wazi, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumbonyeza bibi harusi. Mkono wa kungwi ulikuwa tayari hewani, unakuja kumshusha kichwa, kwa sababu mwali alikuwa ameinua macho. Mtandio umerudi nyuma, mdomo umeachama kidogo kama anayetaka kuita, na macho yamekaza kwenye viganja vya dada. Uani pale tulijaa watu wazima wenye midomo na ruhusa ya kuitumia. Aliyekatazwa kusema na kukatazwa kutazama ndiye aliyetazama. Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga mtu.

Dada akaiinamia picha ile. Akaweka kidole kwenye skrini, kwenye shavu la binti, akakitoa.

"Nichapishie hii."

"Lakini hapo wewe huonekani," akasema kaka. Na kweli, dada alikuwa ukungu mtupu, rangi ya kanga na madoa mawili ya mikono.

"Namwona mwanangu."

Kaka akapiga paja. Uso wote ulimfunguka. "Alhamdulillahi! Basi yamekwisha. Si nilisema? Nilisema tangu siku ile kwamba kamera itarekebisha." Akawa anaitafuta kofia yake kwenye kiti.

Nilifungua mdomo, na sijui ningesema nini, lakini lingekuwa baya. Dada akaniwahi. Aliongea kwa sauti ileile ya kuulizia watoto.

"Picha nimeipokea, kaka. Bado ubeleko."

"Huo tutauleta tu, mama, baada—"

"Uko Kwamndolwa. Leo kuna mabasi." Alinirudishia kompyuta, akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Niliukosa mbele ya watu, nitaupokea mbele ya watu. Mimi naanza kuwaita majirani."

Akatoka. Tukamsikia uani anabisha hodi kwa jirani wa kwanza.

Nilifunga kompyuta. Nikamgeukia mdogo wangu, nikamwambia, "Inuka twende."

Alimtazama kaka. Kaka alikuwa anaitazama kofia yake. Mdogo wetu akainuka.